Walipiga picha magongo, cherehani wakaiacha

Bwana Mhariri,

Miaka kumi na zaidi ninasoma gazeti lenu bila kuandika neno. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya juma lililopita juu ya walemavu wa Petite Barrière, kile kivuko cha mpakani, imenichoma. Watu wale wanavusha mizigo kati ya Goma na Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa baiskeli za magurudumu matatu, ni wafanyabiashara. Habari nzima haikusema gunia moja linavushwa kwa bei gani. Ilisema tu wanatia huruma.

Huruma hiyo imeshanigharimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Birere. Polio ilinishika mguu wa kushoto nikiwa mtoto. Mwaka jana walinijia watu wa televisheni. Nilikuwa nashona sare za shule, zimebaki kola nne. Wakaniomba nishuke kwenye kiti, nikae sakafuni, magongo niyalaze kando. Nikakubali, nikidhani watapiga picha na cherehani. Wapi! Usiku, kwa jirani, nikajiona: mguu, magongo, mguu tena, na kinanda cha msibani chini yake. Na neno "kilema" mara sita, kana kwamba mimi ni kiti au kijiko. Kesho yake mama mmoja, mteja wangu wa miaka minne, akaja kuchukua kitenge chake. Mikono ya nguo yake nilikuwa nimeshaikata. "Pole baba, usijichoshe," akasema, akaacha franka 500 juu ya meza. Binti yangu wakamwita shuleni mtoto wa ombaomba.

Na motari, waendesha pikipiki za abiria, nao! Wakiona magongo wanapita, au wanadai nauli ya watu wawili. Nani aliwafundisha kwamba sina kazi inayoningoja?

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kongo kinaitaka Serikali ihimize tuwemo katika taasisi, za taifa, za jimbo na za mtaa. Mei 2022 tukapata hata sheria yetu ya haki za walemavu. Ninyi mnaandika "msaada" mahali palipoandikwa "haki".

Ninachoomba ni hiki: mwandishi akitujia, swali lake la kwanza liwe "unauza nini, kwa bei gani?" na picha ya kwanza iwe ya mikono. Mkiandika juu ya barabara, maji au bei ya unga, mtuulize na sisi, maana tunakula unga huohuo. Mimi nipo kila siku isipokuwa Jumapili. Aje Jumanne asubuhi, ndipo ninapokata vitambaa.

Fundi cherehani,
Birere, Goma