Barua kwa Deo: asili ya "a cappella"

Moshi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu yangu Deo!

Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba kwaya imeanza misa ya Palestrina, yule mtunzi wa Kiitaliano wa karne ya 16. Umeuliza maneno ya Kiitaliano yaliyo juu ya nota, "a cappella", yametoka wapi. Wanakwaya wanasema ni kuimba bila kinanda, na leo ndivyo yanavyotumika. Ila maneno yenyewe hayataji kinanda wala ngoma. Yanasema tu "kwa namna ya kikanisa".

Chanzo chake ni Mtakatifu Martino wa Tours. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 4, akiwa bado askari wa Roma, alimkuta maskini akitetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens. Akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa kimoja. Joho kwa Kilatini ni cappa, na likiwa dogo ni cappella. Wafalme wa Wafaranki walilitunza kama masalia, wakaenda nalo vitani, watu wakaapishwa juu yake. Mahali lilipohifadhiwa, yaani kikanisa, pakachukua jina hilo, na mapadre waliolilinda wakaitwa cappellani. Kapelani wetu wa hospitali na wa jeshi, Deo, jina lake linatoka kwenye joho lile!

Baadaye, katika karne ya 15, Papa Sixtus IV alijenga Kikanisa cha Sistina huko Vatikani, na humo waimbaji wa Papa walizoea kuimba kwa sauti tupu. Palestrina mwenyewe aliimba humo mwaka 1555, kwa miezi michache tu, maana Papa Paulo IV aliwaondoa waimbaji wenye wake. Kwingineko ala ziliendelea kufuatana na sauti. Karne ya 19 ndiyo iliyoufanya uimbaji wa Sistina kuwa kielelezo, na maana ya leo ikashika.

Kwa hiyo nakuomba sana, usiwaambie wanakwaya kuwa wanaimba "bila" kitu. Misa ile haikupungukiwa na chochote: soprano, alto, teno na besi zinapokezana, kila sauti ikiiandalia nyingine mahali pa kuingilia. Wape nota ya kuanzia, kisha funga kinanda, wasikilizane. Besi wasiharakishe, na teno wasipige kelele.

Niandikie mtaiimba Jumapili ipi, nije.

Rafiki yako,
Anselmi