Kabla ya kufungua kesi, jua inaanzia mlango gani

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Kisumu, Kenya, husema wanataka kesi yao "iende kwa jaji". Ukweli ni kwamba kesi nyingi huanzia kwa hakimu, na nyingine hazifai kuingia kortini kabla ya kupitia kwa msajili wa ardhi. Ukiipeleka kesi mahali pasipo na mamlaka nayo, hutupwa nje hata kabla ya mashahidi kuitwa. Ada imelipwa, miezi imepita, na muda wa kisheria wa kufungua kesi bado unahesabiwa.

Kesi za madai hugawanywa kwa aina na kwa thamani. Hakimu Mkazi husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 5, na Hakimu Mkuu hadi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, isipokuwa ardhi na ajira, ambazo zina mahakama zake zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Upande wa jinai, mauaji husikizwa na jaji wa Mahakama Kuu, lakini wizi wa mabavu na unajisi wa watoto, ingawa adhabu zake ni nzito, huanzia kwa hakimu.

Mirathi ndiyo inayojaza meza yetu. Huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Kisha hujazwa fomu za korti za mirathi, ziitwazo P&A: nambari 80 ndiyo ombi lenyewe, 5 ni kiapo kinachoorodhesha mali na madeni, 38 ni ridhaa ya warithi wengine, na 57 ni ya wadhamini. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi, inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, ikitoka, kwa kawaida husubiri miezi 6 ndipo ithibitishwe, na hapo ndipo shamba hugawanywa. Hati ambayo haijathibitishwa haimpi msimamizi ruhusa ya kuuza shamba.

Mambo huharibikia wapi? Mara nyingi kwenye barua ya chifu. Mabinti walioolewa huachwa nje, au nyumba ya pili, yaani familia ya mke wa pili, haitajwi kabisa. Sheria ya Urithi haimtengi binti kwa sababu ameolewa, na aliyefichwa anaweza kuomba hati ifutwe hata miaka kadhaa baadaye, wakati shamba limeshakatwa na watu wamejenga. Tatizo la pili ni majina: hati ya shamba ya miaka ya 1970 ina majina mawili, kitambulisho kina matatu, cheti cha kifo kina mengine. Hilo hurekebishwa kwa kiapo mwanzoni, si siku ya kusikizwa. La tatu ni shamba ambalo bado liko kwa jina la babu. Huwezi kumruka. Mirathi ya babu hufunguliwa kwanza, na fungu la baba likishajulikana ndipo ya baba ifuate. Na anayeuza mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na korti anatenda kosa la jinai; aliyenunua naye hubaki na karatasi tu.

Ardhi ina mitego yake. Mkizozania mpaka wa shamba lililosajiliwa, korti haitawasikiza kabla msajili wa ardhi hajauamua mpaka huo. Mwandikie yeye kwanza, awaite pamoja na mpima ardhi, bikoni (alama za mpaka) zikaguliwe kwa kufuata ramani. Kwa shamba la kilimo, kuna idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba wa mauzo. Bila idhini hiyo, sheria inauhesabu mkataba kuwa batili, na dai lililo wazi ni kurudishiwa pesa. Ndiyo, wapo wanunuzi walioishi shambani miaka mingi na majaji wakawapa haki, lakini hiyo ni kesi ndefu na ya gharama. Idhini ni nafuu zaidi.

Kwa madeni ya biashara, bidhaa zisizolipwa au mali iliyoharibiwa, kama dai halizidi shilingi milioni 1, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kujiwakilisha, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu kufungua. Watu hukosea kupeleka huko mshahara, kashfa (kuchafuliwa jina) au umiliki wa ardhi: yote matatu yamekatazwa. Mshahara na kufutwa kazi ni mambo ya Mahakama ya Ajira, au hakimu aliyeidhinishwa.

Ajali za bodaboda na matatu zinahitaji haraka. Chukua abstrakti ya polisi (karatasi ya polisi inayothibitisha ajali iliripotiwa), tunza karatasi zote za matibabu, na pata rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwani aliyekuwa akiendesha huenda si mwenye gari. Bima lazima ijulishwe kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baadaye, la sivyo itakataa kulipa hata ukishinda. Kiwango cha juu inacholazimika kulipa kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3.

Kesi ya jinai si yako hata kama wewe ndiye uliyeumizwa. Inaendeshwa na serikali, nawe ni shahidi. Ukitaka fidia, kwa kawaida hufungua kesi ya madai kando.

Muda wa kushtaki: mkataba ni miaka 6, ajali 3, ajira 3, ardhi 12, na kashfa miezi 12 pekee. Unayemshtaki akiwa serikali, muda hupungua: mwaka 1 kwa ajali, miaka 3 kwa mkataba.

Unapokuja mara ya kwanza, beba kitambulisho, mkataba au risiti, jumbe za M-Pesa zinazoonyesha malipo, na matokeo mapya ya upekuzi wa shamba kwenye rejista ya ardhi kama kesi ni ya ardhi. Hati asili ya shamba ibaki nyumbani. Sisi tunahitaji nakala tu.