Namba ya mwisho kwenye kipima mwendo si mwendo wa skuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu juu ya ahadi inayouzwa pamoja na skuta madukani, nayo ni ahadi ya mwendo. Mnunuzi akiuliza skuta inakimbia kiasi gani, muuzaji humwonyesha kwa kidole namba ya mwisho kwenye kipima mwendo, iwe 120 au 140, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilionyeshwa namba hiyo, nikaiamini, na nusura initoe roho.

Ninakaa Jinja na ninafundisha Kiswahili Lugazi, kwa hiyo msitu wa Mabira naupita asubuhi na jioni. Skuta yangu ina injini ya cc 110. Asubuhi moja, wiki ya pili tangu niinunue, nilikuwa nyuma ya lori la miwa lenye tela, nikachungulia, nikaona barabara ni tupu mpaka kwenye kona, nikavuta mafuta hadi mwisho. Mshale ulipanda mpaka 80, ukatetemeka pale pale, ukakataa kusogea. Nilikuwa sambamba na tela, karibu kiasi cha kuona matope yaliyokauka kwenye rimu zake, taksi ilipotokea mbele yangu imewasha taa. Dereva wa lori, ambaye sikupata hata kumshukuru, alikanyaga breki akaniachia nafasi ya kuingia.

Jioni ile niliketi na kalamu nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla. Lori lilikuwa likienda kama kilomita 60 kwa saa. Mimi, kwa mwendo halisi, nilikuwa kwenye 75 hivi, kwa maana vipima mwendo vingi huzidisha kidogo. Sheria za Ulaya, kwa mfano, zinakataza kipimo kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi lakini zinakiruhusu kuzidisha kwa kiasi fulani. Tofauti yetu ilikuwa kilomita 15 kwa saa, yaani meta 4 tu kwa kila sekunde. Kulipita lori lenye tela na kubakiza nafasi mbele na nyuma kunahitaji uende kama meta 40 zaidi yake, na hizo kwangu zilikuwa sekunde 10. Katika sekunde hizo mimi ninakwenda meta 200, na taksi inayokuja kwa kilomita 90 inakula meta 250, kwa hiyo nilihitaji meta 450 za barabara tupu, nami sikuwa na hata nusu yake. Skuta ingefika 100, acha hiyo 120 niliyoonyeshwa, sekunde 4 na barabara ya kama meta 210 zingetosha. Mtu anayemdanganya mnunuzi juu ya mwendo wa skuta anamdanganya juu ya urefu wa barabara anaouhitaji ili abaki hai.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunadhani cc ndizo mwendo. Cc ni ujazo wa silinda tu. Skuta ya kawaida ya cc 110 hutoa nguvu farasi 8 hivi, na ikiwa na mtu mmoja kwenye barabara tambarare hufika kilomita 80 au 85 kwa saa. Ya cc 125 hufika kama 90, na ya cc 150 hufika 100 au kuzidi kidogo. Vespa ya kwanza, iliyotengenezwa Italia mwaka 1946, ilikuwa na injini ya cc 98 na ilikwenda kama kilomita 60. Yamaha TMAX ya siku hizi ina injini ya zaidi ya cc 560, mara tano ya injini yangu, lakini mwendo wake ni kama mara mbili tu ya skuta yangu. Kinachozuia ni hewa. Ukitaka mwendo mara mbili, hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu mara nne, na nguvu ya kuishinda inatakiwa iwe mara nane. Ndiyo maana kuongeza cc 15 au 25 hakumgeuzi mtu kuwa mshale, ingawa bei inapanda mara moja.

Na sisi Waganda tunaishi juu. Kampala iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na injini ndogo isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila meta 100 za kupanda. Kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa na kiwanda imeshaondoka kabla hujapakia mtu wala gunia, na kule Kabale, karibu meta 2,000, inakaribia sehemu moja ya tano.

Fundi wangu alinifungulia kifuniko cha pembeni akanionyesha mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili, ambao ndio unaofanya kazi ya gia katika skuta. Ukingo wake ulikuwa umelika kama kisigino cha kiatu. Mkanda ukilika unashindwa kupanda hadi juu ya puli, na mwendo wa mwisho unapungua hata kama injini ni nzima. Skuta niliuziwa kama mpya.

Simkatazi mtu kununua skuta ndogo. Kwa anayezunguka mjini, ambako mwendo ni wa polepole, cc 110 zinamtosha na kumbakizia mafuta. Anayekwenda barabara kuu kila siku ajue pia kwamba tairi za skuta huwa za inchi 10 au 12, wakati pikipiki za Boxer za vijana wa boda zina inchi 17, na shimo ambalo boda inalivuka linaweza kuiangusha skuta.

Ninachowaomba wauzaji ni kwamba waandike kwenye karatasi ya mauzo nguvu ya injini, uzito inaoruhusiwa kubeba, na mwendo uliopimwa ikiwa imebeba watu wawili. Wamruhusu pia mnunuzi aijaribu mlimani akiwa amepakia mtu. Pale niliponunua yangu nilizungushwa uani nyuma ya duka, mahali ambapo mshale hauwezi kufika hata 20.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Jinja