Makaburi ya Walutheri yawe na namba na daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazee wa kanisa wenzangu wa sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kutengeneza misalaba ya makaburi. Familia huniletea karatasi yenye jina na tarehe mbili, mara nyingi usiku wa kuamkia maziko, nami nakesha nayo mpaka rangi ikauke.

Maziko yetu yana utaratibu mzuri. Wasifu wa marehemu unasomwa, kwaya inaimba, mchungaji anatupa udongo mara tatu, vijana wanafukia, msalaba unasimikwa, ndipo mashada yanaitwa kwa zamu. Shida inaanza baadaye. Wengi husema "tutajengea mambo yakikaa sawa", kisha zinakuja ada za shule na kodi ya nyumba. Msalaba wa bei nafuu ni wa mbao laini. Mchwa huanzia pale mti unapoingia ardhini, na jina, kwa kuwa liko kwenye ubao wa mlalo unaopigwa na jua na mvua, ndilo hubanduka kwanza. Masika machache tu, msalaba uko chini. Makaburi ya Kinondoni yalivyobanana, ukishaanguka nani atajua umetoka wapi? Mama mmoja aliniagiza msalaba mpya wa mumewe. Tulizunguka nao begani hadi jua likazama, kaburi hatukuliona. Msalaba ule bado uko kwangu.

Mgeni mmoja kutoka Bavaria, Ujerumani, alituonyesha picha za makaburi ya Kilutheri ya Mtakatifu Yohana, mjini Nürnberg. Mawe yote yamelazwa chini na yana kipimo kimoja, la tajiri na la fundi, na juu yake kuna vibao vya shaba nyeusi, vingine vikiwa na alama ya kazi ya marehemu. Mchoraji Albrecht Dürer alizikwa pale mwaka 1528, na kaburi lake lina namba 649. Hiyo namba ndiyo iliyonigusa kuliko shaba. Martin Luther mwenyewe, ambaye kanisa letu lina jina lake, tauni ilipoingia mji wake wa Wittenberg mwaka 1527, aliandika kwamba makaburi yawe nje ya mji, mahali pa utulivu pa kutafakari kifo na ufufuo. Alichukizwa na uwanja wa makaburi wa kanisa lao kukatwa na vichochoro kila upande, watu wakipita watakavyo.

Na hapa kwetu somo lipo. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara, yakapelekwa kando ya barabara ya Bagamoyo. Wazungu walihamishwa mmoja mmoja. Waafrika, wakiwemo Wakristo, makaburi yao hayakuwa yamewekewa alama moja moja, hivyo wakazikwa upya kwa pamoja. Ukisimama pale kutafuta jiwe la babu yako hulipati. Inaniuma sana.

Katika usharika wetu kitabu cha maziko kinaandikwa tarehe na neno "Kinondoni", basi. Ninaloomba ni dogo: kila maziko, kibamba cha zege cha ukubwa wa kiganja, namba ichorwe kwa msumari zege likiwa bichi, kifukiwe usawa wa ardhi upande wa kichwa. Namba hiyo iingie kitabuni pamoja na majina ya majirani wa kushoto na kulia. Najua wengine watasema makaburi ni ya manispaa. Ni kweli, na msimamizi aombwe ruhusa, lakini kitabu ni chetu. Makaburi ya zamani tuanze nayo Jumamosi ya kuelekea Pasaka, wajane na wazee wanaokumbuka wangali hai.

Usharika utakaokuwa tayari, nitautengenezea kalibu ya mbao ngumu ya kumiminia vibamba hivyo, bila malipo, na kuwafundisha vijana wake kuitumia.

Fundi misalaba,
Kinondoni, Dar es Salaam