Mchango wa kuwafunza walimu wetu wa Kojani kumuokoa mtoto aliyesakamwa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, na ndugu zetu mlioko Unguja, Tanga, Mombasa na walio dago, kwenye kambi za uvuvi, nyinyi mnakijua kivuko chetu. Mgonjwa akizidiwa hapa Kojani hupakiwa mashuani kwanza, avushwe, ndipo itafutwe gari ya kwenda Wete au Chake Chake. Kwa homa au mkono uliovunjika tunastahamili. Mtoto aliyesakamwa, yaani aliyekwamwa na kitu kooni kikamziba njia ya hewa, hana muda huo. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hivi huanza kuharibika. Atakayemuwahi ni mwalimu aliyesimama ubaoni, au mama anayeuza vitafunwa nje ya skuli.

Na mapumziko watoto wetu wanakula nini? Ubuyu, karanga, kunazi, pipi. Kokwa mdomoni, huku wanakimbizana. Wa maandalizi ndio tunaowahofia zaidi, maana njia yao ya hewa ni nyembamba na magego bado hayajatimia, karanga huteremka nzima.

Ukiuliza barazani mtoto akisakamwa afanyweje, utaambiwa apewe maji, apewe tonge la wali, au atiwe kidole. Maji na tonge havina pa kupita, na kidole kinachopapasa bila kuona huisukuma kokwa chini zaidi. Huduma ya kwanza inafundisha hivi: akiwa anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe, na mtu asimame naye. Akishindwa kukohoa, kulia wala kusema, ainamishwe mbele na apigwe kwa kiganja mapigo 5 ya nguvu mgongoni, baina ya mabega. Isipotoka, mwokoaji apite nyuma yake, amzungushie mikono, aweke ngumi juu kidogo ya kitovu, aivute ndani kuelekea juu mara 5. Kisha mgongoni tena, na tumboni tena, mpaka kitoke. Mtoto asiyetimiza mwaka habinywi tumbo kabisa. Hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni, halafu akageuzwa na kubonyezwa kifuani. Akizimia yeyote, huanza kubonyezwa kifua mara 30 kwa pumzi 2. Na aliyebinywa tumbo, hata akiamka anacheka, lazima avushwe akaangaliwe hospitali.

Kuyasoma haya ni mwanzo tu. Pigo lina nguvu yake, na mwalimu hawezi kulijaribia juu ya mtoto asiyesakamwa. Ndiyo maana tunataka wakufunzi wa huduma ya kwanza waje kwa siku 2, na tununue sanamu 3 za mazoezi: ya mtu mzima, ya mtoto na ya mtoto mchanga. Pamoja na nauli, posho na mabango ya Kiswahili ya kubandika kila darasa, tunahitaji Sh 3,600,000. Sanamu ndizo zinazokula sehemu kubwa, lakini zitabaki skuli, na walimu watarudia mazoezi kila muhula.

Wapo waliotushauri tununue badala yake kile kifaa cha kuvuta kilichokwama kooni. Tumekataa kwa sasa. Kifaa kitafungiwa ofisini na ufunguo atakuwa nao mtu mmoja. Mikono ya mwalimu iko naye popote alipo. Kwenye mafunzo tumewaweka pia walimu wa madrasa, wanafunzi wakubwa wa sekondari na kina mama wauzaji. Hawa wa mwisho tunawataka hasa. Hatuwafukuzi kwenye biashara yao. Wao ndio wanaowaona watoto wakila.

Kiasi chochote kitapokelewa. Mlioko dago mnaweza kuchangishana kwa chombo, nahodha akaleta kwa pamoja. Fedha apewe mweka hazina wa kamati, naye atatoa risiti, na hesabu yote itabandikwa ukutani skuli kila mtu aisome. Asiye na fedha anaweza kujitolea mashua ya kuwavusha wakufunzi, au chakula chao cha mchana.

Mafunzo tunataka yafanyike likizo ya Disemba, walimu wawe tayari skuli zitakapofunguliwa Januari. Tunaomba michango itufikie kabla Novemba haijesha.

Kamati ya Skuli na Wazee, Kojani, Pemba