Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: Walimu wa historia tufunzwe mahali historia ilipotendeka

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Jinja, Uganda. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyolelewa nayo. Bibi yangu alikuwa Mnubi. Nyumbani kwetu Kinubi kilikuwa cha wazee na Kiswahili kilikuwa cha wote. Katiba yetu nayo, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na ombi langu ni moja: sisi walimu wa somo hili tufunzwe kazi yetu penye magofu, makaburi, majengo na nyaraka zenyewe, ndipo tudaiwe kuwafundisha watoto kwa njia hiyo.

Mtaala wa sekondari ulioanza 2020 sina ugomvi nao. Nilipousoma mara ya kwanza niliufurahia. Unataka mwanafunzi achunguze, alinganishe, atoe hoja yenye ushahidi. Tatizo ni kwamba sisi tunaoufundisha hatukusoma hivyo. Tulisoma kwa notisi: mwalimu anaandika ubaoni, darasa linanakili, sababu sita za vita fulani, matokeo manane ya mkataba fulani, mtihani ukifika unayamwaga yote kama yalivyo. Nilimaliza masomo ya ualimu bila kushika waraka hata mmoja wa zamani. Na semina niliyoitwa kuhusu mtaala mpya ilifanyika ukumbini tangu asubuhi hadi jioni. Neno “ushahidi” lilitajwa mara nyingi, lakini ushahidi wenyewe hatukuuona.

Nikueleze kilichonibadilisha. Mwenzangu mmoja aliniazima nakala ya Mapatano ya Buganda ya 1900, mkataba kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, maandishi kamili, si muhtasari. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeyafundisha mapatano hayo kama orodha ya nukta kumi. Safari hii nikawagawia wanafunzi wa kidato cha tatu vifungu viwili tu: kile kinachotaja posho ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, pauni 1,500 kwa mwaka, na kile kinachotaja kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Nikakaa kimya. Msichana mmoja akauliza pauni moja wakati huo ilikuwa rupia ngapi. Nilijua ni 15. Wakaanza kupiga hesabu wenyewe: pauni 1,500 ni rupia 22,500, gawanya kwa 3, unapata nyumba 7,500. Nyumba 7,500 zilipe kodi mwaka mzima ili posho ya mtu mmoja itimie. Halafu mvulana wa nyuma akauliza, hao wenye nyumba walitia saini wapi?

Tukaenda kwenye saini. Hawakuwapo, bila shaka. Kabaka mwenyewe, Daudi Chwa, alizaliwa Agosti 1896. Machi 1900 alikuwa hajatimiza miaka minne. Waliotia saini kwa niaba yake ni wasimamizi watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, na kwa upande wa Waingereza, Harry Johnston. Mapatano hayohayo yaligawa maili za mraba 8,000 kwa machifu na watu wengine wenye nafasi. Darasa lililokuwa likisinzia saa nane mchana halikutaka kengele ilie.

Lakini hapohapo, Mheshimiwa, nikakwama. Wakaniuliza kodi ilikusanywa kweli, au ilibaki kwenye karatasi? Wasioweza kulipa walifanyiwa nini? Wakulima wenyewe walisemaje? Sikujua hata pa kuanzia kutafuta. Kumpa mtoto waraka mmoja ni rahisi. Kazi ngumu ni kujua waraka wa pili uko wapi, na namna ya kuusoma huu wa kwanza ukiwa na shaka nao bila kuutupa. Hilo mtu hajifundishi peke yake usiku akisahihisha madaftari. Anahitaji kufundishwa.

Wenzetu wa sayansi na hisabati wamepata bahati hiyo. Mpango wa SESEMAT, ulioanzishwa kwa msaada wa Japani, umewakutanisha kwa miaka mingi kuandaa vipindi pamoja, kufanya majaribio kwa vifaa vilivyopo, kutazamana wakifundisha na kukosoana. Siuonei wivu, na habari ya mishahara siigusi hapa. Ninachosema ni kwamba njia tayari tunayo nchini mwetu na imefanya kazi. Kama mwalimu wa kemia hufunzwa kwenye maabara, mwalimu wa historia naye anayo maabara yake, tena imejengwa zamani na imetapakaa nchi nzima.

Chukua Jinja hii peke yake. Ukipita Main Street ukainua macho, juu ya maduka utaona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi iliyochongwa ukutani. Wanafunzi wangu hupita chini yake kila siku. Kuta zile zinasema nani alijenga mji huu na lini, na zinamsukuma mtoto aulize wenyewe walikwenda wapi, ndipo mnafika 1972 na zile siku 90 ambazo Idi Amin aliwapa Waasia kuondoka. Ng’ambo ya mji kuna kilima cha Mpumudde. Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro, aliyepigana na Waingereza hadi akakamatwa pamoja na Kabaka Mwanga huko Lango mwaka 1899, alipelekwa uhamishoni Shelisheli. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 akafia hapa Mpumudde kabla ya kufika Bunyoro, akazikwa Mparo, Hoima. Nina wanafunzi wanaokaa chini ya kilima hicho waliodhani Kabalega ni habari ya watu wa magharibi tu. Na pale Nile inapotoka ziwani, maporomoko ya Ripon ambayo mvumbuzi Mwingereza Speke aliyafikia Julai 1862 hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954. Utamfundishaje mtoto mahali ambapo pako chini ya maji? Inawezekana, kwa picha za zamani, ramani na wavuvi wazee, lakini mwalimu awe ameonyeshwa namna.

Kuna na jambo linalonigusa mimi binafsi. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza, mababu wa sisi Wanubi, waliasi, wakaishika ngome ya Luba huko Bukaleba, kando ya ziwa hapa Busoga. Ripoti za maafisa zinauita uasi na kuhesabu maafisa waliouawa, akiwemo Meja Thruston. Bibi yangu hakutumia neno uasi. Alisimulia kwamba askari walichoshwa na safari zisizokwisha, mshahara mdogo tena wa kucheleweshwa, na kuamriwa kwenda vitani huku wake na watoto wakiachwa nyuma. Nikiwa kijana nilidhani simulizi lake ni la mapenzi kwa watu wake. Baadaye nilipata kusoma kwamba malalamiko hayohayo yalijulikana hata kwa Waingereza. Natamani sana kusimama Bukaleba na walimu wenzangu, mkono mmoja ripoti ya afisa, masikioni sauti ya mzee wa Kinubi na ya mzee wa Kisoga, tujadili kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema alivyosema.

Ndiyo maana naomba mafunzo yafanyike mahali penyewe. Siku tano za likizo zingetosha kuanzia, na kila eneo litumie lililonalo: Kumi wana michoro ya miambani ya Nyero, Acholi wana ngome ya Patiko aliyokaa mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker, Sembabule wana mahandaki ya Bigo bya Mugenyi. Kampala wana makaburi ya Kasubi, ambayo peke yake ni somo la siku nzima. Yalijengwa 1882 kama ikulu ya Muteesa wa Kwanza, yakawa kaburi lake 1884, leo wamelala humo makabaka wanne. Nyumba kuu iliungua Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sasa je, nyumba iliyojengwa upya bado ni ushahidi wa karne ya 19, au ni ushahidi wa ufundi na imani ya watu wa leo? Ningependa kulisikia swali hilo likijadiliwa na walimu 30 waliokaa juu ya mkeka.

Kikwazo ninachokiona hakiko shuleni. Walimu wako chini ya wizara yako. Makumbusho na maeneo ya kihistoria yako chini ya Wizara ya Utalii. Hifadhi ya nyaraka za taifa pale Wandegeya, Kampala, iko chini ya Wizara ya Utumishi wa Umma. Mwalimu wa kijijini hawezi kubisha milango mitatu kwa barua tatu na kungoja majibu matatu. Waziri anaweza kuwaita wenzake wawili mezani. Wakubaliane mwalimu wa historia aingie makumbusho na maeneo hayo bila kiingilio akionyesha kitambulisho chake cha kazi, na watunza nyaraka wachague hati chache za kila eneo, wazitolee nakala zinazosomeka na kuzipeleka shuleni ndani ya bahasha ya kawaida. Wengi wetu hatuna intaneti ya kuaminika, karatasi inatufaa. Na mafunzo yasiishie siku ya tano. Muhula unaofuata mtu aje atuone darasani tukijaribu, kwa sababu mara ya kwanza tutakosea, kama nilivyokosea mimi kuwapa wanafunzi vifungu vya 1900 nikiwa sina cha kuwajibu.

Hapa Jinja hatukukaa kungoja. Walimu tisa wa shule mbalimbali tumekubaliana kukutana likizo ya Desemba kwa siku mbili kwa nauli zetu wenyewe: siku ya kwanza Main Street na Mpumudde, ya pili Bukaleba. Madaftari tunayo, na wazee wawili wamekubali kuzungumza nasi. Tunachokosa ni mtu anayeijua kazi ya nyaraka, aje na nakala chache za Busoga ya miaka ya 1890 na atufundishe kuzisoma. Tunakuomba, Mheshimiwa Waziri, utusaidie kumpata mtu huyo. Chakula na mahali pa kulala tutamwandalia sisi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa historia, Jinja