Mheshimiwa Waziri, ile fomu ya ruzuku inafundisha watafiti kudanganya

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya elimu ya juu na utafiti,

Shikamoo, na pole na majukumu. Naandika hapa hadharani sio kwa kukukosea heshima, ila njia ya kawaida inajulikana ilivyo, barua ikifika masijala inagongwa muhuri wa "imepokelewa" halafu ndo basi tena, inalala kwenye faili. Na hili haliwezi kulala manake dirisha la maombi ya ruzuku ya utafiti bado liko wazi na watu wanajaza fomu sasa hivi, usiku huu, na wanadanganya.

Ndio, wanadanganya, na fomu ndo inawataka wafanye hivyo. Kile kipengele cha "eleza faida ya kiuchumi itakayoonekana ndani ya miaka miwili" ndicho chenye alama nyingi kuliko vingine vyote. Sasa mtu anafanya mantiki ya hisabati, anachunguza maswali gani yanaweza kuthibitishwa na yapi hayawezi kabisa, aandike nini pale? Anaandika "utafiti huu utaimarisha uchumi wa kidijitali". Mwenzake wa historia ya utamaduni anasoma barua za wafanyabiashara waliokufa zamani, anajaribu kuelewa walikuwa wanaaminianaje bila mikataba, naye anaandika "utafiti utakuza utalii". Mwandishi anajua ni maneno ya kujazia nafasi, mhakiki anajua, na nadhani hata hapo wizarani mnajua. Anayeandika ukweli, kwamba sijui itamfaa nani wala lini ila swali ni zito na njia ya kulifuatilia ninayo, huyo anarudishiwa barua ya "tunasikitika kukuarifu". Nimeshika mkononi majibu ya mwenzangu mmoja, mhakiki kasifia swali, kasifia mbinu, kasifia hata bajeti kuwa haina makuu, halafu chini kabisa mstari mmoja: haioneshi matokeo ya haraka. Imeisha.

Hebu tuangalie hiyo miaka miwili ingewafanya nini watu ambao kazi zao tunazitumia leo bila hata kuwakumbuka. George Boole, mtoto wa fundi viatu, hakuwa na digrii yoyote, mwaka 1847 na tena 1854 akachapisha kazi yake kwamba kufikiri kwa mantiki kunaweza kuandikwa kama aljebra, kweli iwe 1 na uongo uwe 0, halafu "na", "au" na "si" zifanyiwe hesabu kama unavyojumlisha na kuzidisha. Faida yake kiuchumi mwaka 1856? Hakuna. Watu wa mantiki walibishana nayo, watu wa viwanda haikuwahusu. Ikakaa hivyo mpaka 1937, kijana wa miaka 21 anaitwa Claude Shannon, anaandika tasnifu yake ya uzamili, akaona kwamba swichi za umeme zinafuata aljebra ileile. Ukipanga swichi mbili zifuatane kwenye waya mmoja, umeme unapita pale tu zote mbili zikiwa zimewashwa, hiyo ni "na". Ukizipanga sambamba, moja tu inatosha, hiyo ni "au". Basi, kuanzia hapo saketi yoyote unaweza kuiandika kama hesabu kabla hujagusa waya. Kila kompyuta iliyoko wizarani kwako inafanya kazi kwa msingi huo.

Toka 1854 mpaka 1937 ni miaka 83, sio miwili. Na unajua Shannon alimjulia wapi Boole? Kwenye somo la falsafa, chuoni. Sasa Mheshimiwa hii orodha ya idara za kupunguzwa tunayoisikia sikia, falsafa iko juu kabisa, naomba tu nikukumbushe.

Tena kuna kitu fomu yako haina hata nafasi yake, jibu la "haiwezekani". Mwaka 1928 mwanahisabati David Hilbert na mwenzake Ackermann waliuliza kama kuna njia moja ya kimakanika ya kuamua, kwa sentensi yoyote ya mantiki, kama ni halali au la. Mwaka 1936 Alan Turing, na Alonzo Church kwa njia yake, wakaonesha haipo na haiwezi kuwepo. Ili kuonesha hivyo Turing ilibidi kwanza aeleze kwa makini kabisa nini maana ya kufuata maelekezo hatua kwa hatua bila kufikiri, akabuni mashine ya kichwani tu, ina utepe mrefu na alama na kanuni chache, na hiyo mashine ya kwenye karatasi ndo wazo lililobeba sayansi ya kompyuta. Sasa chukua fomu, pale kwenye matokeo tarajiwa andika "nategemea kuthibitisha kwamba kinachotafutwa hakipo", uone utapata alama ngapi.

Najua utaniambia haya, hisabati angalau siku moja inageuka kuwa mashine, historia ya utamaduni je? Nina mfano mzuri na ninao kama silaha. Kuanzia 1969 mwanakemia wa China Tu Youyou aliongoza kikundi kilichokuwa kinatafuta dawa ya malaria, wakapitia dawa za asili zaidi ya 2,000 kutoka kwenye maandiko ya zamani na kwa waganga. Mmea mmoja, qinghao, leo unafanya kazi kesho haufanyi, hawaelewi kwanini. Akarudi kusoma andiko la tabibu Ge Hong wa karne ya 4, pale imeandikwa fungu la huo mmea uuloweke kwenye maji, uukamue, unywe juisi yake. Hakuna kuchemsha! Akashtuka kwamba labda moto ndo unaiua dawa, akabadilisha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo sana, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwenye panya. Ndo artemisinini hiyo, iliyomo kwenye dawa mseto, na mwaka 2015 akapewa Nobeli. Kwa zaidi ya miaka 1,600 kuna watu walikuwa wanalinakili lile andiko, wanalitunza, wanalipanga kwenye maktaba, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kuiandika etha kwenye fomu yako.

Ila ngoja, nisije nikafanya kilekile nachokilalamikia. Nikiitetea historia kwa malaria tu nitakuwa nakuambia kwamba isipotoa dawa haina kazi, na mimi siamini hivyo. Lorenzo Valla, msomi wa Italia, mwaka 1440 alichukua hati iliyodaiwa kuwa ya Constantine, mfalme wa Roma wa karne ya 4, ambayo kwa karne nyingi mapapa wa Kanisa Katoliki waliitumia kudai mamlaka juu ya nchi za magharibi, akaisoma neno kwa neno akaonesha Kilatini kile sio cha zama zile, kuna vyeo mle ndani ambavyo Mrumi wa wakati huo asingevitaja hivyo. Ya kughushi. Hakuna dawa iliyotoka pale, hakuna mashine, ila watu walipata uwezo wa kuiambia karatasi yenye mamlaka "wewe ni muongo, na ushahidi huu hapa". Na Jan Vansina, aliyesomea historia ya Ulaya ya zama za kati, alipofika kwa Wakuba wa Kongo miaka ya 1950 akaona masimulizi yao yanaweza kupimwa kama ushahidi, nani kasimulia, kapokea kwa nani, matoleo yanapishana wapi, na kazi aliyoichapisha 1961 ikawafanya wanahistoria wengi waache kusema jamii isiyo na maandishi haina historia. Hilo nalo ulitafutie thamani ya pesa Mheshimiwa, mimi limenishinda.

Jambo la pili ni hizi paneli zenu, hisabati chumba chake, fasihi chumba chake, historia chumba chake. Mwaka 1913 mwanahisabati Andrei Markov alikaa na shairi refu la Pushkin, mshairi wa Urusi, akaondoa nafasi na alama zote za uandishi, akachukua herufi 20,000 za mwanzo akazipanga kwenye majedwali ya 10 kwa 10 na kuhesabu kwa mkono, irabu ikifuatwa na irabu ni mara ngapi, irabu ikifuatwa na konsonanti ni mara ngapi. Alikuwa kwenye ubishi na mwenzake kuhusu nadharia ya uwezekano, anataka kuonesha kwamba kanuni zake zinashika hata pale tukio moja linapotegemea lililotangulia. Hesabu za namna hiyo, zinazoitwa minyororo ya Markov, leo ziko kwenye kupanga matokeo ya utafutaji wa intaneti, kwenye utambuzi wa sauti, kwenye mambo mengi tu. Sasa ombi lake lingeenda chumba gani? Hisabati wangesema huyu anahesabu mashairi, fasihi wangesema huyu hajasoma shairi kaliwekea rula. Lingezunguka humo kwenye korido mpaka mwaka wa fedha uishe.

Na huyu ndiye namheshimu kuliko wote, Alice Kober. Mhadhiri tu wa kawaida, mzigo wa vipindi umemjaa, usiku anafanyia kazi maandishi ya vibao vya udongo vya kale vya kisiwa cha Krete, Ugiriki, ambayo hakuna aliyejua hata ni lugha gani. Wenzake wengine walikuwa wanabahatisha, kila mtu na lugha yake mfukoni. Yeye akakataa kubahatisha. Akaanza kuhesabu, alama ipi inakaa mwanzoni mwa neno, ipi mwishoni, ipi inaandamana na ipi, akitengeneza vikadi vipatavyo 180,000, na kwa kuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi zilikuwa adimu akawa anakata migongo ya kadi za salamu na matangazo ya kanisa, anavihifadhi kwenye maboksi ya sigara. Bila kujua sauti ya alama hata moja akaonesha kwamba maneno yale yanabadilika miisho kwa utaratibu maalumu. Akafariki 1950. Miaka miwili baadaye Michael Ventris, msanifu majengo kwa taaluma, akapita kwenye mlango ambao huyu mama alikuwa ameshaufungua akakuta ni Kigiriki, cha karne nyingi kabla ya maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa yanajulikana. Na mle ndani? Kondoo, sufu, mafuta, magari ya farasi, daftari za stoo tupu! Nilicheka niliposoma mara ya kwanza, yaani jasho lote lile kumbe ni mambo ya uhasibu, halafu ukikaa ukafikiri ni uchumi mzima wa ikulu za kale umefunguka mbele yako.

Sasa ripoti ya maendeleo ya Kober ingesomekaje? Mwaka wa kwanza, bado hayasomeki. Wa tano, bado hayasomeki. Wa kumi, bado. Kwa mfumo wetu angeambiwa arudishe pesa.

Nakubali pesa ni ya walipa kodi na lazima iulizwe imeenda wapi, sitetei mtu akae ofisini akunje miguu kwa jina la utafiti, na wapo, nawajua. Ila dawa yake sio kumuuliza faida ya baada ya miaka miwili, manake mvivu ndo hodari kuliko wote wa kulijibu hilo swali. Wala sio kuhesabu makala, mwanahisabati Grigori Perelman alilimaliza swali gumu la hisabati linaloitwa dhana ya Poincaré kwa makala aliyoyaweka intaneti 2002 na 2003 bila kuyapeleka kwenye jarida lolote, kwenye mizani yenu ya makala za majarida huyo ni sifuri. Muulizeni mtu swali lako ni lipi, kwanini halijajibiwa mpaka leo, na utajuaje kama umekosea. Hilo la tatu ndilo linalobana. Juni 1902 mwanamantiki wa Ujerumani Gottlob Frege, kitabu cha pili cha kazi yake ya miaka na miaka ya kuijenga hesabu juu ya mantiki kiko kwa mchapaji, akapokea barua ya mwanafalsafa Bertrand Russell inayouliza seti, yaani kundi, ya seti zote ambazo hazimo ndani yao zenyewe, je yenyewe imo ndani yake? Ukisema imo, basi haimo, ukisema haimo, basi imo. Msingi wote ukatikisika. Frege alijibu ndani ya siku 6 akakiri pigo, na kitabu kilipotoka 1903 kilikuwa na nyongeza inayowaeleza wasomaji tatizo liko wapi. Fikiria mtu huyohuyo angekuwa ameshaandika kwenye fomu kwamba kazi yake itainua uchumi kwa asilimia kadhaa, na ruzuku ya awamu inayofuata inategemea hilo, angeiweka ile nyongeza kweli?

Kwa hiyo naomba haya, na hayahitaji sheria mpya wala bajeti mpya, ni waraka mmoja tu kutoka mezani kwako. Kile kipengele cha miaka miwili kibaki kwa miradi ambayo yenyewe imejitangaza kuwa ya matumizi, kwa wengine kiondolewe au jibu la "sijui bado" lisikatwe alama. Ombi linalogusa fani mbili lisomwe na watu wa fani zote mbili, wakae meza moja. Na kwenye ripoti ya mwisho kuwe na sehemu ya kuandika "tulijaribu, haikuwezekana, na sababu ni hizi", na iwekwe hadharani ili mwingine asirudie njia hiyohiyo kwa pesa zilezile za umma.

Kama shida ni wahakiki wa kusoma maombi ya mantiki, mimi nitayasoma bila posho, nitumieni hata leo.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa mantiki ambaye bado hajajaza fomu